Barua Isiyofika Mantua: Filamu za Romeo na Juliet Zinatofautiana Wapi?

Tamthilia ya Romeo na Juliet iliandikwa na Mwingereza William Shakespeare katikati ya miaka ya 1590, na tangu enzi za filamu bubu watengenezaji wa sinema hawajaiacha ipumzike. Kila kizazi kina Romeo wake. Waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1960 watakutajia Leonard Whiting. Waliosoma sekondari miaka ya 1990 watakutajia Leonardo DiCaprio. Na mpenzi wa filamu za Kihindi atakuambia kwamba wote hao hawamfikii Aamir Khan.

Wasikilizaji wa kipindi chetu cha filamu hutuuliza ipi kati yao ni bora. Swali hilo ni la ubishi wa kijiweni na halina mwisho. Lipo jingine linalojibika: kila filamu inasema nani aliwaua wale vijana wawili? Njia rahisi ya kupata jibu ni kuifuatilia barua. Ndani ya hadithi hii kuna barua moja ambayo kama ingefika kwa wakati, wapenzi hao wangetoka kaburini wakiwa hai. Haifiki. Kila mwongozaji wa filamu hulazimika kuamua imekwama wapi, na hapo ndipo anapoonyesha anamlaumu nani.

Tahadhari kwa ambaye hajazitazama: makala haya yanaeleza miisho ya filamu zote tunazozitaja.

Barua yenyewe

Tuanze na tamthilia. Katika mji wa Verona, Italia, koo za Montague na Capulet zina uhasama wa siku nyingi ambao chanzo chake Shakespeare hakitaji. Jumapili usiku Romeo, kijana wa akina Montague, anajipenyeza kwenye sherehe ya akina Capulet akiwa amevaa kinyago, na huko anakutana na Juliet, binti ambaye hajatimiza hata miaka 14. Jumatatu wanafungishwa ndoa ya siri na Padri Laurence. Saa chache baadaye Tybalt, binamu wa Juliet, anamuua Mercutio, rafiki wa Romeo. Romeo anamuua Tybalt, anafukuzwa mjini na kukimbilia Mantua. Baba wa Juliet, asiyejua kwamba binti yake ameshaolewa, anampangia ndoa na bwana mmoja aitwaye Paris. Binti anapokataa, baba anatishia kumtoa nyumbani akafie barabarani.

Padri anampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Mpango ni kwamba atalazwa katika chumba cha makaburi cha ukoo wake, Romeo ataandikiwa barua, na atakuja kumchukua pale atakapozinduka. Barua anakabidhiwa Padri John. Huyu anakwenda kwanza kumtafuta mwenzake wa kusafiri naye, anamkuta kwenye nyumba ya wagonjwa, na wakaguzi wa mji wanaoshuku kwamba kuna tauni wanaifunga nyumba hiyo na wote waliomo. Barua inarudi mikononi mwa aliyeiandika. Wakati huo Balthasar, mtumishi wa Romeo asiyejua lolote kuhusu mpango, ameshafika Mantua na habari za msiba.

Watu wa London waliokwenda kuitazama tamthilia hii ilipokuwa mpya hawakuhitaji kuelezwa karantini ni nini. Kati ya 1592 na 1594 majumba ya maonyesho ya mji wao yalifungwa kwa vipindi virefu kwa ajili ya tauni. Sisi nasi, tangu 2020, tunaielewa sehemu hiyo kuliko tulivyoielewa darasani.

Kwa Shakespeare, basi, barua imezuiwa na maradhi, na maradhi hayana ukoo. Anayetaka kusema ilikuwa imeandikwa ana ushahidi wake. Anayetaka kuwalaumu wazazi naye anao, kwa kuwa bila uhasama wao pasingekuwa na haja ya barua ya siri. Tamthilia inaziacha njia zote mbili wazi. Filamu nyingi huchagua moja.

Wapenzi watu wazima

Filamu kubwa ya kwanza yenye sauti ilitengenezwa Hollywood na kampuni ya MGM mwaka 1936, ikiongozwa na George Cukor. Mtayarishaji alikuwa Irving Thalberg, na Juliet aliigizwa na mke wake, Norma Shearer. Verona nzima ilijengwa studioni. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Thalberg hakuishi kuona mengi ya baadaye: alifariki Septemba mwaka huohuo akiwa na miaka 37.

Tatizo lake linaonekana kabla mtu hajafungua mdomo. Shearer alikuwa ameshapita miaka 30, Leslie Howard aliyemwigiza Romeo ameshapita 40, na John Barrymore aliyekuwa Mercutio ameshapita 50. Ni waigizaji hodari, na kwa sisi watu wa redio ni raha kuwasikiliza jinsi wanavyotamka. Lakini hadithi hii inasimama juu ya umri. Mtoto wa miaka 13 akiikimbilia sumu au kisu tunamlilia, tunatazama huku na huku kutafuta mtu mzima aliyekuwa wapi. Mtu wa miaka 40 akikimbilia sumu kwa penzi la siku nne, tunajiuliza kwa nini hakwenda kwanza kumuuliza padri.

Mwaka 1954 Mwitalia Renato Castellani aliitoa hadithi studioni, akaipeleka kwenye miji ya Italia yenyewe, na filamu yake ikashinda Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice. Mandhari yake ni mazuri mno. Wapenzi wenyewe, Laurence Harvey na Susan Shentall, ni baridi, na hatudhani kuna mengi ya kuongeza.

1968: punda na farasi

Franco Zeffirelli ndiye aliyewapa watazamaji wapenzi wenye umri wa kuaminika. Olivia Hussey na Leonard Whiting walikuwa bado hawajafikisha miaka 18 walipoigiza, na inaonekana katika kila wanachofanya: wanakimbia, wanajikwaa, wanalia kwa kelele, wanabusiana kama watu wanaoogopa kuitwa nyumbani. Ongeza muziki wa Nino Rota, ambao wengi wanaujua hata kama hawajawahi kuiona filamu. Ilishinda Oscar mbili, ya upigaji picha na ya mavazi.

Zeffirelli aliitupa tauni. Padri John wake yuko njiani, barua anayo, hakuna aliyemfungia popote. Shida ni kwamba amepanda punda na anakwenda taratibu. Nyuma yake anakuja Balthasar juu ya farasi, anampita kwa kasi, vumbi linatimka, basi. Tukio halina maneno wala halimalizi dakika moja, na kwa maoni yetu ni la busara kuliko yote katika filamu hiyo. Mzee anakwenda kwa mwendo wa kizee, kijana kwa mwendo wa kijana, na hakuna aliyekosea kwa makusudi. Ukiwaza vizuri, kisa chote kiko hivyo: watu wazima wanadhani muda upo, watoto wanadhani umekwisha.

Hata pigano la Mercutio na Tybalt, Zeffirelli analianzisha kama mchezo. Vijana wanatambiana kwa panga, umati unacheka, na Mercutio akishachomwa rafiki zake bado wanacheka wakidhani anaigiza. Upanga uliingia kwa bahati mbaya. Ndivyo filamu hii inavyoliona jambo lote: kila mtu alikuwa akicheza hadi maiti zilipolala chini.

Ili Romeo abaki safi machoni petu, mwongozaji alikata mambo mawili. Katika tamthilia Romeo anamuua Paris pale kaburini. Katika filamu halipo. Katika tamthilia anamshawishi muuza dawa maskini avunje sheria na kumuuzia sumu; nalo halipo. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wajihadhari hapo, maana tumesikia wengi wakiapa kwamba Paris hakufa.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kuachwa kando. Filamu ina tukio la chumbani ambamo miili ya vijana hao inaonekana wazi. Mwishoni mwa Desemba 2022 Hussey na Whiting, wakiwa wameshapita miaka 70, waliifungulia kesi kampuni ya Paramount katika jimbo la California, wakidai kwamba walipigwa picha za utupu wakiwa watoto baada ya Zeffirelli kuwaahidi kwamba haitakuwa hivyo. Zeffirelli mwenyewe alikuwa ameshafariki, mwaka 2019, na Hussey aliwahi kulitetea tukio hilo miaka ya nyuma. Mei 2023 jaji aliitupilia mbali kesi hiyo. Hussey alifariki Desemba 2024.

Mahakama imeshasema lake. Mtazamaji bado anabaki na jambo la kujiuliza, kwa kuwa nguvu yote ya filamu hii imetoka kwenye utoto wa waigizaji wake, na waigizaji hao uzeeni walisema kwamba watu wazima waliokuwa pale hawakuwalinda.

1996: kikaratasi mlangoni

Baz Luhrmann, mwongozaji kutoka Australia, aliihamishia hadithi kwenye mji wa kubuni wa Verona Beach, wenye magari, helikopta za polisi, mabango ya matangazo na bastola. Sehemu kubwa ilipigwa Mexico. Maneno lakini ni yale ya Shakespeare, na panga zinazotajwa katika maneno hayo zimegeuzwa kuwa aina za bunduki. Utangulizi, ambao jukwaani husomwa na msimulizi, unasomwa na mtangazaji wa habari ndani ya televisheni. Tulipoliona hilo mara ya kwanza tulicheka kama wenzake kazini, kisha tukaacha kucheka: vifo vya watoto hawa vimekuwa habari ya saa mbili usiku, baina ya tangazo na tangazo.

Katika filamu hii Mantua ni kambi ya matrela jangwani. Barua ya padri imepewa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mjumbe anafika, anagonga mlango wa trela, hakuna anayeitika kwa sababu Romeo yuko nje anapitisha muda, basi anaacha kikaratasi cha kumwarifu kwamba kuna mzigo wake. Romeo hakioni. Punde Balthasar anawasili na gari.

Kila aliyewahi kukuta kikaratasi kama hicho mlangoni anajua uchungu wake. Hakuna maradhi, hakuna mzee mwenye punda. Mfumo umefanya kazi yake kama ulivyopangwa, mjumbe kafuata utaratibu, na watu wawili wamekufa. Vijana wa leo huuliza kwa nini padri asipige simu. Ilikuwa 1996, simu ya mkononi haikuwa ya kila mtu. Hata hivyo swali ni zuri, na bila shaka atakayeitengeneza tena hadithi hii katika zama zetu itambidi afikirie chaji iliyokwisha au ujumbe uliobaki na tiki moja.

Luhrmann naye hakumuua Paris, ila muuza sumu alimwacha. Alichoongeza kiko kaburini, ambapo kwake ni kanisa lililojaa mishumaa. Kwa Shakespeare, Romeo anakufa kwanza, ndipo Juliet anazinduka. Kwa Luhrmann, Juliet anafumbua macho na kumgusa Romeo usoni wakati sumu ndiyo kwanza inashuka kooni. Wanatazamana. Anajua, naye anajua.

Baadhi ya watazamaji walilaumu kwamba huko ni kumsahihisha Shakespeare. Lakini wazo hilo ni la zamani kuliko sinema. Katika hadithi ya Mwitalia Luigi da Porto, iliyotangulia tamthilia kwa miongo kadhaa, Juliet anazinduka mapema. Na mwaka 1748 David Garrick, mwigizaji mkubwa wa London, aliandika upya tukio hilo ili wapenzi wazungumze kabla ya kufa. Jukwaani, kwa miaka mingi baada ya hapo, watu walikuwa wakiitazama hiyo ya Garrick.

DiCaprio alipewa Dubu wa Fedha katika tamasha la Berlin mwaka 1997, na aliistahili. Hata hivyo anayeibeba filamu ni Claire Danes, aliyekuwa na miaka 16 au karibu na hapo. Yeye peke yake ndiye anayesema maneno ya miaka 400 kana kwamba yamemjia sasa hivi. Na mwisho hakuna kupeana mikono. Zeffirelli alizionyesha koo mbili zikiingia msibani pamoja. Luhrmann anaonyesha machela, mkuu wa polisi anayewafokea wazazi, na televisheni inayobaki na chenga.

Ujumbe unapouawa na chuki yenyewe

Mwaka 1957 Broadway, New York, ilipokea mchezo wa muziki ulioitwa West Side Story, na mwaka 1961 ukawa filamu iliyoongozwa na Robert Wise na Jerome Robbins. Ilishinda Oscar 10. Verona ni mitaa ya New York, koo ni magenge mawili ya vijana: Jets, Wamarekani weupe, na Sharks, waliotoka Puerto Rico. Romeo ni Tony, Juliet ni Maria.

Humu hakuna dawa ya usingizi wala padri. Kuna ujumbe. Maria anamtuma Anita, mpenzi wa kaka yake, akamwambie Tony amsubiri. Kaka huyo ameuawa na Tony usiku uleule, kwa hiyo pima ukubwa wa moyo wa mwanamke huyu: ameumwa, bado amekubali kwenda. Anafika kwenye duka ambamo Tony amejificha, anawakuta Jets, na badala ya kumsikiliza wanamtukana, wanamzingira, wanamvamia kiasi kwamba nusura wambake. Anapookolewa anasema jambo jingine kabisa na lile alilotumwa: kwamba Maria ameuawa. Tony anatoka mbio barabarani akitafuta naye auawe, na anauawa.

Hapa ndipo West Side Story inapowapita wote. Ukiuliza ni nani aliyeuzuia ujumbe, huwezi kutaja tauni, punda wala mjumbe wa vifurushi. Waliouzuia ni rafiki zake Tony. Ujumbe ulifika mlangoni, ukiwa umebebwa na mtu mwenye nia njema, wakauharibu kwa mikono yao. Bahati mbaya imeondolewa, na pamoja nayo kisingizio. Maria haufuati mwili wa mpenzi wake kaburini. Anaishika bastola, anawaelekezea wote, hawezi kufyatua, na anabaki hai kuwatazama.

Filamu ya 1961 ina aibu zake. Maria aliigizwa na Natalie Wood, ambaye hakuwa na asili ya Puerto Rico, na sauti ya kuimba ilikuwa ya Marni Nixon. Rita Moreno, Mpuerto Rico halisi aliyeigiza Anita, naye alipakwa rangi ya kumtia weusi zaidi. Steven Spielberg alipoirudia mwaka 2021 aliwatafuta waigizaji wenye asili ya Kilatini kwa upande wa Sharks. Anita wa sasa, Ariana DeBose, alishinda Oscar kwa nafasi ileile iliyompa Moreno Oscar yake. Moreno mwenyewe amerudi, akiwa na umri mkubwa, kama Valentina, mwenye duka. Vijana wanapomvamia Anita, anayeingia na kuwazuia ni yeye, mwanamke ambaye miaka 60 nyuma alikuwa katikati ya duara hilohilo. Hakuna jukwaa linaloweza kukupa hilo, sinema inaweza.

India na Afrika Kusini

Kwa wakazi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, ambako majumba ya sinema yalionyesha filamu za Kihindi kwa miongo mingi, hadithi ya wapenzi wa koo zenye uhasama haikuhitaji kuletwa na Shakespeare. Qayamat Se Qayamat Tak ya Mansoor Khan, ya mwaka 1988, iliyomfanya Aamir Khan kuwa nyota pamoja na Juhi Chawla, inawafuata wapenzi waliotoroka koo zao za Rajput. Humo barua haipo kabisa. Wapo wauaji wa kukodiwa, waliolipwa na mzazi. Filamu za Kihindi za aina hii humtaja mkosaji bila kuzunguka.

Sanjay Leela Bhansali mwaka 2013 alitoa Goliyon Ki Raasleela Ram-Leela, iliyowekwa Gujarat, ambako koo mbili zinaishi kwa biashara ya silaha. Ranveer Singh na Deepika Padukone wanapigana risasi wao kwa wao wakiamini kwamba mauaji ya koo hayazuiliki, ilhali wakati huohuo mama wa binti ameshabadilika na kuamua amani. Barua ya Mantua imerudi kwa sura nyingine: habari njema iliyochelewa. Filamu ni ndefu na nyimbo zake ni nyingi, lakini mwisho huo unauma.

Barani kwetu tunaipendekeza uGugu no Andile ya Minky Schlesinger, iliyotoka Afrika Kusini mwaka 2008 kwa lugha za Kizulu na Kixhosa. Binti ni Mzulu, kijana ni Mxhosa, mahali ni Thokoza, mwaka ni 1993, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Uhasama haukubuniwa. Kitongoji hicho cha karibu na Johannesburg kilishuhudia mapigano makali baina ya wakazi wa mabweni ya wafanyakazi waliohusishwa na chama cha Inkatha na wakazi wa mitaani waliokiunga mkono ANC. Katika filamu za Italia tunaambiwa koo mbili zinachukiana na tunakubali ili hadithi iendelee. Hapa kuna watazamaji waliokuwa Thokoza mwaka ule.

Suala la lugha

Filamu za 1936, 1954, 1968 na 1996 zilibaki na maneno ya Shakespeare, ingawa mengi yalikatwa. Ile ya Carlo Carlei ya mwaka 2013 ilimpa mwandishi Julian Fellowes kazi ya kuyaandika upya mazungumzo kwa Kiingereza chepesi kinachojifanya cha kale, na matokeo yake si ya kale wala ya leo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar na kisha Mabepari wa Venisi hakurahisisha; alitafuta Kiswahili chenye uzito uleule. Wale watafsiri wetu wa vibanda umiza, wanaosimulia filamu juu ya sauti ya waigizaji, nao hawarahisishi, wanaisimulia upya kabisa, na tungelipa kiingilio mara mbili kumsikia mmoja wao akiishughulikia ile ya Luhrmann.

Anayetaka kutazama pamoja na watoto ajue kwamba ya 1968 ina lile tukio la chumbani, ya 1996 ina damu na bastola nyingi, na West Side Story zote mbili zina lile la dukani. Mwanafunzi aisome tamthilia kwanza, hasa sehemu za Paris na muuza sumu. Mwenye nafasi ya filamu mbili tu atazame West Side Story ya 1961, na kesho yake ile ya 2021, kisha alilinganishe tukio moja: Anita anapousukuma mlango wa duka.